Huna pa Kulala Dar es Salaam? Soma Hii

Umeshuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, mwenyeji wako hapokei simu, na hela iliyobaki haitoshi hata gesti ya uchochoroni. Au baba mwenye nyumba kakutolea vyombo nje. Nimelala nje Kariakoo kwa muda wa kutosha, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: usihamehame. Wageni wengi hujificha, leo Mnazi Mmoja, kesho Jangwani, keshokutwa Posta, wakidhani asiyeonekana hasumbuliwi. Wapi! Anayeibiwa na anayepakiwa kwenye karandinga ni yule ambaye hakuna wa kumsemea "huyu namjua."

Kwa hiyo usiku wa kwanza tafuta mlinzi, usitafute giza. Chagua duka lenye baraza pana na mlinzi mtu mzima, na umsalimie kabla hajakuuliza. Mimi nilimwambia, "Shikamoo mzee, naomba nijibanze hapa mpaka asubuhi." Akanimulika tochi usoni, akaishusha miguuni, akaniuliza jina na kwetu. "Marahaba. Lala pale kwenye nguzo. Saa kumi na moja nikukute umeamka, tajiri asikute uchafu wako." Saa kumi na moja nikaomba ufagio wake, nikafagia baraza lote mpaka mbele ya duka la jirani. Tajiri alipofika akauliza nani kafagia. Jioni niliporudi, nguzo yangu ilikuwa inanisubiri, na mzee alishamfukuza mwingine.

Baridi inakupata kutokea sakafuni kuliko juu. Boksi moja halitoshi, weka mawili au matatu. Ya friji na televisheni ndiyo manene. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, tanguliza sandarusi chini ya maboksi, vinginevyo utaamka umelala kwenye uji. Shuka ujifunike gubigubi kwa ajili ya mbu. Viatu viwe mto. Simu usilale nayo mfukoni, kuna watu wanapitisha wembe kwenye jinzi na wewe unakoroma. Iache kwa anayechajisha simu, uifuate asubuhi.

Chakula usiombe, omba kazi. Jioni kila mama ntilie ana masufuria yenye ukoko ambayo hakuna anayetaka kuyagusa. "Shikamoo mama, nikuoshee vyombo?" Utapata sahani ya wali maharage, na ukirudi kesho kwa huyohuyo utapata na mchuzi. Mimi wangu ndiye aliyenitunzia hela, kwenye kopo la maziwa ya unga, na ndiye aliyenipeleka kwa wabeba mizigo. Vijiwe vile vina wenyewe, ukijipachika tu unatafuta ngumi. Feri, kwenye soko la samaki, ni rahisi kidogo: wahi alfajiri baada ya mnada, ukijua kupaa samaki hukosi cha kununulia chai.

Sasa polisi na mgambo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, vifungu vya 176 na 177, bado inamtaja mzembe na mzururaji kama mkosaji. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo hapahapa kwetu Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika. Ni vizuri kulijua, ila usianze kumhutubia afande saa nane usiku. Usikimbie, taja jina lako kamili, taja unapofanya kibarua, na umtaje mlinzi. Hapo ndipo salamu zako zinapolipa.

Namba yako ya NIDA iweke kichwani. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo zinazobaki za kukariri ni 12 tu. Kitambulisho kitaibiwa, namba haiibiki, na bila hiyo husajili laini ya simu. Ukiugua, hospitali ya serikali muulizie ofisa ustawi wa jamii. Yeye ndiye anayeshughulikia msamaha wa asiyeweza kulipa. Ukikuta mtoto analala nje peke yake, piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto. Dada zangu, mzigo wenu ni mzito kuliko wangu na sitajifanya naujua. Ukidhulumiwa, kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto.

Usiku pale barazani hatukuwa tunaota majumba. Mmoja alitaka chumba ambacho akifunga mlango hakuna wa kumwamsha. Mwingine alitaka arudi Singida na nguo ya mama yake mkononi, maana kila akipiga simu alimwambia amepanga Mbagala. Uongo huo naujua. Angalau mtu mmoja wa nyumbani ajue unalala wapi, hata kama si mama.

Chumba usikitafute kwa dalali, atataka kodi ya mwezi mzima, na mwenye nyumba naye atataka ya miezi sita mkupuo. Changieni geto wawili au watatu, Buguruni au Manzese, kwa mtu anayefahamiana na mama ntilie wako. Huyo anaweza kukubali mwezi mwezi. Siku ya kuhamia godoro lisubiri. Nunua kufuli kwanza, maana funguo za lile la zamani hujui ziko kwa nani.