Kabla Hujamwaga Maji ya Batiki Mtaroni

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Moshi aliniandikia ujumbe. Nanukuu kwa ruhusa yake: "Shikamoo dada. Nimeanza kutengeneza batiki nyumbani, naishi Majengo. Wateja wapo, namshukuru Mungu. Shida yangu ni majirani. Kila nikimwaga maji ya rangi wanatoka kuangalia mtaro, na juzi mjumbe amefika kabisa. Naomba unielekeze, nimwage wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nilikujibu kwa kifupi, lakini jibu lako nimeona niliandike hapa kwa urefu, maana najua sisi tunaofanya kazi hii Arusha na Moshi ni wengi, na wote tunataka kitu kimoja: kazi ikue, oda za hoteli zije, tutoke kwenye kuuza kitenge kimoja kimoja.

Swali hilo la "nimwage wapi" lilinitoa kwenye nyumba. Batiki nilijifunza kwenye semina ya wajasiriamali hapa Arusha. Tulifundishwa kufunga kitambaa, kuyeyusha mshumaa, kupima rangi kwa vijiko, kuchanganya kostiki soda na haidrosalfaiti, ambayo wengi tunaiita haidro. Kuhusu maji yaliyotumika, mwezeshaji alituambia sentensi moja tu: mwageni mtaroni, ongezeni ndoo mbili tatu za maji safi, yanaisha nguvu. Tukapewa vyeti, tukapiga picha. Nami nikaenda kupanga Kijenge na kufanya kama nilivyofundishwa.

Masika yalipoanza, mtaro ule ukafurika na kuingia kwenye uwanja ukiwa wa kijani. Mama mwenye nyumba alikuja mbele ya wateja wangu wawili akaniita mwanamke mchafu, na kufikia mwisho wa mwezi vyombo vyangu vilikuwa nje. Mpaka leo neno lile linaniuma. Nimelelewa na mama ambaye hakulala bila kudeki. Na uchungu wenyewe uliongezeka baadaye nilipojua kwamba ile kijani aliyoiona yeye ndiyo ilikuwa na madhara madogo kuliko yote yaliyokuwemo ndani ya ndoo ile.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa kemia wa sekondari, jirani yangu mpya. Niliketi naye kibarazani, akachukua daftari la mwanawe akaanza kuniandikia hesabu. Nitaziweka hapa kama alivyonionyesha, kwa sababu ukizielewa hutahitaji mtu wa kukuambia umwage wapi.

Rangi nyingi za batiki tunazopika na haidro kwa kawaida haziyeyuki kwenye maji. Haidrosalfaiti inaigeuza rangi iwe katika hali nyingine, na kostiki inaiyeyusha, ndipo inaingia ndani ya nyuzi za pamba. Ukikitoa kitambaa na kukianika kivulini, oksijeni ya hewa inairudisha rangi kwenye hali yake ya mwanzo, haiyeyuki tena, imenaswa ndani. Ndiyo maana buluu ninayotumia mimi hutoka kwenye beseni ikiwa njano ya kijani, na ndani ya dakika chache inageuka buluu mbele ya macho yako. Kila mtu wa batiki ameuona muujiza huo. Wachache wamejiuliza kinachobaki kwenye beseni kinaendelea kufanya nini.

Kinachobaki ni vitu vitatu. Rangi, kostiki na haidro. Rangi inaonekana, kwa hiyo inapigiwa kelele. Hizo mbili nyingine ni angavu kama maji ya kunywa.

Kostiki kwanza. Gramu 4 tu za kostiki ndani ya lita 1 ya maji zinayapa maji hayo pH 13. (pH ni kipimo cha ukali: 7 ni katikati, juu yake ni upande wa kostiki, chini yake ni upande wa asidi.) Kipimo cha pH hakipandi kama ngazi za kawaida; kila hatua moja ni mara kumi. Kutoka 13 kushuka hadi 9, ambapo bado ni maji makali kiasi, ni hatua nne, yaani mara 10,000. Kwa hiyo kila lita moja ya maji yale inahitaji lita 10,000 za maji matupu, tangi lile kubwa jeusi lililojaa mpaka juu. Ndoo moja ya lita 20 inataka matangi ishirini. Sawa, maji ya mto yana bikaboneti zake zinazopunguza makali kidogo, lakini ndoo mbili tatu za mwezeshaji wangu hazikuwa zinafanya chochote zaidi ya kuusukuma moto ule uende haraka kwa mtu mwingine.

Haidro ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kazi yake ni kula oksijeni, na haiachi kazi kwa kuwa umeimwaga. Gramu 1 ya haidrosalfaiti, mpaka imalize kugeuka kuwa salfeti, inakula takriban miligramu 275 za oksijeni. Maji ya mto kwenye mwinuko kama wa Arusha hubeba oksijeni iliyoyeyuka kati ya miligramu 7 na 8 kwa lita, basi. Piga hesabu: gramu moja inatosha kuondoa oksijeni yote kwenye lita zaidi ya 30. Kijiko cha chakula chenye gramu 10 hivi, lita zaidi ya 300. Samaki, viluwiluwi na vijidudu vinavyosafisha mto vyote vinaishi kwa oksijeni hiyohiyo.

Na mto wenyewe hauishii nyuma ya nyumba yako. Mto Themi unatoka hapa mjini unashuka hadi mto Kikuletwa, Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka pale ni mto Pangani mpaka baharini. Njiani kuna akina mama wanaomwagilia mchicha na figili kwa ndoo, wakazileta sokoni tukazinunua sisi wenyewe.

Sisi watu wa ukanda huu wa Meru tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwamba maji angavu si lazima yawe salama. Tazama meno ya wengi waliokulia hapa, yana kahawia tangu utotoni. Ni floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano, haina rangi wala harufu, na kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya huku vinapita hapo. Floridi ile ameiweka Mungu kwenye mwamba. Kostiki tunaiweka wenyewe, tena tumeinunua dukani.

Sasa ninavyofanya. Siku hizi natumia pipa la plastiki la lita 200 lenye mdomo mpana, liko nje penye hewa. Usitumie sufuria ya aluminiamu wala ndoo ya bati, kostiki inaila aluminiamu na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Maji yote ya beseni yanaingia humo. Kisha nayapigisha hewa: nachota kwa kopo, nainua juu, namimina. Watoto wakirudi shule wananisaidia kwa kijiti kirefu, wamevaa glavu na wako mbali na uso wa pipa. Hewa hii inafanya mambo mawili kwa mpigo. Inaimaliza haidro pale pale kwenye pipa, ili isiende kuumaliza mto, na inairudisha rangi kwenye hali ya kutoyeyuka. Utaona maji yanabadilika, yanakuwa mazito kama uji mwembamba wa buluu. Chota ya chini kabisa, yatazame. Kama ya chini bado ni ya kijani na yanageuka ukiyamimina, haidro bado ipo, endelea.

Yakishakuwa rangi moja juu na chini, yaache yatulie usiku kucha. Asubuhi rangi imekaa chini kama tope, juu maji yamekuwa mepesi. Nayachota taratibu nayapitisha kwenye mchanga uliooshwa juu ya kitambaa kizito.

Hapa ndipo wengi wangemwaga kwa furaha, maana macho yameridhika. Kostiki bado imo. Ndiyo sasa unaweka asidi, na mpangilio huu usiubadilishe. Ukimwaga siki kwenye maji ambayo haidro haijaisha, inatoka gesi ya dioksidi ya salfa, harufu yake ni ile ya kiberiti kikiwashwa, na mwenye pumu anaweza kuzidiwa hapo hapo. Hewa kwanza, asidi baadaye, nje, kidogo kidogo. Ukisikia harufu ya kiberiti, acha, rudi nyuma, yapigishe hewa tena.

Kwa ndoo ya lita 20 yenye gramu 4 za kostiki kwa lita, hesabu inatoa gramu 130 hivi za sitriki asidi, ile wanayouziwa watengeneza sabuni, au siki ya asilimia 5 karibu lita mbili na nusu. Kwa bei, sitriki inashinda. Anza na nusu ya kiasi hicho kisha pima, kwa kuwa kostiki nyingine imeshatumika kwenye kazi. Mama mmoja wa Marangu alinishauri mbege iliyochacha. Ni asidi kweli, lakini ina mabaki ya ulezi na ndizi, na bakteria wakianza kuyaozesha wanatumia oksijeni ileile tuliyokuwa tunaiokoa. Nimeiacha.

Kupima, karatasi za pH zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Ukikosa, chemsha rosela kavu kwa maji kidogo. Weka matone ya maji yako kwenye kisahani cheupe, ongeza tone la rosela. Yakigeuka kijani, kostiki bado ipo. Yakielekea kijani cha njano, ipo nyingi sana. Yakiwa zambarau iliyofifia, umekaribia. Yakiwa mekundu umezidisha asidi. Mimi hulenga kati ya 6.5 na 8.5. Mara ya kwanza kuona kile kisahani kikigeuka zambarau nilimwita mwalimu aje kuona, na nilikuwa na machozi.

Tope la chini silitupi. Ni rangi ileile, nzima, imelala tu. Ukiipa haidro na kostiki mpya inaamka. Kwa kuwa imechanganyika buluu, kijani na nyekundu, inatoa rangi ya udongo, kati ya kahawia na majivu, na kila pipa lina yake. Niliifanya kwa kubana matumizi. Mwezi uliopita lodge moja ya huku ikaagiza vitambaa vya meza na foronya za mito, seti nzima, kwa rangi hiyo hiyo, na mnunuzi alikuja karakana akataka kuonyeshwa pipa kabla hajalipa. Nikamwonyesha. Akapiga picha kisahani changu cha rosela. Ndugu zangu, oda ile ni kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na imetoka kwenye tope ambalo mtu alinifundisha kulimwaga.

Kwa hiyo wasituambie mazingira ni mambo ya matajiri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema wazi mchafuzi hulipa, lakini hata pasingekuwa na sheria, duka lako liko kwenye pipa lile. Nanyi mnaoendesha semina, wawekeni watu wa kemia kwenye ratiba, hata saa moja. Mnawapa akina mama kostiki mikononi na hamwaambii inakwenda wapi. Hilo si jambo dogo.

Mdogo wangu wa Moshi, mji wako unasifiwa nchi nzima kwa usafi, na majirani zako wana haki ya kuutetea. Waite waone pipa. Mwite na mjumbe. Na yeyote atakayekushauri umwagie migomba hayo maji ya mwisho, mkatalie kwa heshima: sodiamu ya kostiki haitoki kwa kuweka asidi, inabaki kwenye udongo na kuufanya ugande usipitishe maji. Yatumie kusafishia sakafu na kusuuzia mabeseni, kisha yaingie kwenye mfumo wa majitaka. Punguza na kiasi chenyewe: anza na rangi nyepesi, malizia na nzito, ongeza haidro kidogo kwenye beseni lilelile kabla ya kutengeneza jipya. Mshumaa ulioyeyuka ukipoa unaelea na kuganda, uokote, unarudi kazini.

Jambo moja la lazima kabla hujanunua pipa. Haya yote ni kwa rangi za haidro, zile zinazogeuka zikipata hewa. Chovya kipande cha kitambaa, kitoe, kitazame. Kama rangi haibadiliki, na maelekezo yake yanataka chumvi na magadi soda tu, hiyo ni rangi ya aina nyingine, imeyeyuka na itabaki imeyeyuka hata uipigishe hewa wiki nzima. Na kama unawauzia watalii wa Ulaya, muulize muuzaji kuhusu rangi za azo, kundi moja kubwa la rangi za viwandani. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia kwenye nguo zile zinazoweza kuachia kemikali ziitwazo amini zinazosababisha saratani, na mteja anaweza kukudai uthibitisho. Nitumie picha ya lebo ya kopo lako, mbele na nyuma, nimwonyeshe mwalimu.