Kreatini kwa mgonjwa wa Parkinson: levodopa msiiguse

Ndugu, subiri kwanza. Umeuliza kreatini (ule unga wa virutubisho vya misuli) ipi umnunulie mzee wako mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, na kama anywe kwa maji au maziwa, halafu katikati ukapenyeza kwamba mnataka kupunguza levodopa, dawa yake kuu ya Parkinson, "ili mwili upumzike na kemikali." Maneno hayo hayo alituambia muuza virutubisho aliyetujia nyumbani.

Alikuja na karatasi ya utafiti wa 2006 kuhusu kreatini kwa wagonjwa wa Parkinson. Utafiti wenyewe ni wa kweli: wagonjwa 200, na hitimisho lake ni kwamba kreatini inafaa kujaribiwa kwa watu wengi zaidi. Basi. Kilichofuata hakukigusa! Jaribio kubwa lilianza 2007 Marekani na Kanada, wagonjwa 1,741, wengine wakipewa gramu 10 kwa siku, wengine unga usio na dawa. Mwaka 2013 likasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliokunywa kreatini hawakuwa na nafuu yoyote kuwazidi wenzao. Mtu anayeficha nusu hiyo mbele ya familia ya mgonjwa hana huruma, na sijamsamehe.

Baba akapunguziwa vidonge vya levodopa. Haukupita muda akaanza kuganda mlangoni: kifua kimeshatangulia, nyayo zimenata sakafuni, vidole vimeng'ang'ania fremu, macho yanatuomba msaada. Siku moja alianguka hapo hapo, nyonga ikavunjika. Daktari alirudisha dozi na mikono ikatulia, ila kutembea peke yake hakurudia tena. Na tuliambiwa tuna bahati, kwani levodopa ikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kupata homa kali, misuli ikakakamaa, akafa.

Kreatini siisemi vibaya. Watoto waliozaliwa na upungufu wa GAMT (kimeng'enya cha kutengenezea kreatini mwilini), ambao miili yao haiwezi kuitengeneza, inawasaidia kweli, na wenye baadhi ya magonjwa ya kudhoofika misuli imewaongezea nguvu kidogo. Mkiamua kumpa mzee, daktari ajue, maana kipimo cha kreatinini (taka inayotokana na kreatini) kwenye damu kinaweza kupanda, figo zikadhaniwa mbovu kumbe ni nzima.

Lakini levodopa ni kwa saa yake na kwa kipimo alichoandika daktari, kopo la kreatini liwepo lisiwepo. Hukusema kama mmeshaanza kupunguza. Kama mmeanza, mpigie daktari wake leo hii, usingoje kliniki ijayo.