Kinyama Kikishakatwa, Kifuatilie

Wiki iliyopita msomaji ameniandikia: "Dada, nimekatwa kinyama kwenye mlango wa kizazi kikapimwe saratani, nimeambiwa nitapigiwa simu. Nisubiri mpaka lini?" Nilimjibu usiku uleule: mdogo wangu, usisubiri simu.

Mama yangu mdogo alisubiri. Alianza kutokwa damu miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Zahanati wakampa dawa za fangasi, kisha za yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo), kisha za fangasi tena. Hakuna aliyempandisha kitandani akamwangalia. Hilo linaniuma hadi leo, maana kipimo cha awali hakitaki mashine: muuguzi aliyefundishwa anapaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anaangalia kama pamekuwa peupe. Mabadiliko yakiwahiwa kabla hayajawa saratani, mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo.

Hospitali walikata kinyama. Majibu kimya. Nikapanda basi mwenyewe, nikasimama dirishani mpaka daftari likafunguliwa. Kinyama kilikuwa palepale, ndani ya kichupa chenye dawa, kikingoja usafiri wa kwenda kwa mtaalamu wa patholojia, anayekipima kwa darubini. Niliomba barua nikakibeba mikononi. Nasema bila aibu: bila mimi kingeozea pale. Majibu yalipotoka, saratani ilikuwa imefika hatua ya tatu. Tukapewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, akapigwa mionzi wiki nyingi huku amelala sebuleni kwa ndugu. Alimaliza matibabu, lakini hatukukaa naye sana.

Kwa hiyo wewe uliyekatwa kinyama, usiondoke kabla ya kuuliza: kinakwenda maabara gani, lini, kwa namba gani? Piga picha fomu. Rudi uulize. Wakikuona msumbufu, rudi tena. Majibu ni yako, uhai ni wako.

Na ninyi mnaojisikia wazima, mnangoja nini? Ukifika miaka 30 kapime, hata kama huna dalili; mwenye VVU aanze mapema zaidi. Damu baada ya tendo la ndoa si ya kuulizia kwa shoga, ni ya kupeleka kituoni. Akina baba, toeni nauli, na ya kurudia majibu pia.

Mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 ampeleke akapate chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii. Ni bure, na sasa ni dozi moja tu. Akikosa shuleni, mpeleke kituo cha afya.