Mtoto wa jicho: jicho halitolewi likawekwa shavuni

Siri ya mama ilifichuka msimu wa karafuu. Tulikuwa tumekaa mkekani, kijijini kwetu Micheweni, Pemba, tunachambua. Kila nikitupia jicho rundo lake naona makonyo, vile vijiti vya karafuu, yamechanganyika na karafuu. Na huyu ndiye aliyenifundisha mimi kuchambua! Nikamwambia, "Mama, mbona makonyo haya?" Akanijibu, "Kuna kiza humu." Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua limejaa ukumbini.

Kutoka siku ile mpaka siku aliyofanyiwa upasuaji ulipita mwaka mzima, na mwaka huo tuliupoteza kwa maneno ya watu. Jirani mmoja alimwambia kwamba daktari hulitoa jicho, akaliweka shavuni, akalisafisha, kisha akalirudisha. Mwengine akasema asiende mpaka mtoto wa jicho "aive". Katikati ya hayo tukanunua kichupa cha matone dukani bila ya kuandikiwa na daktari. Nakiri kosa hilo ni langu. Baadaye daktari alikitazama kile kichupa akatikisa kichwa: matone yenye dawa za jamii ya steroidi, za kutuliza uvimbe, yakitumiwa kiholela, huweza kupandisha presha ya jicho, na yakitumiwa muda mrefu huweza hata kuleta huyo huyo mtoto wa jicho.

Basi tuanze hapo. Mtoto wa jicho si utando uliotanda juu ya jicho. Ile nyama inayotambaa kutoka pembeni, ambayo wavuvi wetu wanayo sana kwa jua na upepo, ni maradhi mengine. Mtoto wa jicho yuko ndani, nyuma ya mboni. Hapo pana lenzi tuliyoumbwa nayo, ujanani ni safi kama kioo, na uzee huifanya iwe na ukungu. Sukari, na jicho kupigwa au kujeruhiwa, huharakisha jambo hilo. Kwa hivyo asali, tui, maji ya majani, vyote vinaishia nje, havifiki kwenye tatizo. Na habari ya kungoja aive ni ya zamani. Siku hizi mtu hufanyiwa pale uoni wake unapomzuilia kazi zake, na mtoto wa jicho aliyeachwa akawa mgumu sana humpa daktari kazi zaidi.

Siku ya vipimo msiende na haraka. Mama alisomeshwa herufi ukutani, akapimwa presha ya damu na ya jicho, akapimwa sukari, akatiwa matone ya kupanua mboni, halafu jicho lenyewe likapimwa urefu ili ijulikane lenzi ya nguvu gani imfae. Yale matone humfanya mtu aone ukungu kwa saa kadhaa, kwa hivyo mzee asiachwe arudi peke yake na daladala. Chukueni dawa zote anazotumia. Wazee wa kiume wanaokunywa dawa za tezi dume waseme wazi, wasione haya, kwani baadhi ya dawa hizo huilegeza mboni wakati daktari yumo kazini. Mwenye kikohozi kisichomwacha alale chali naye aseme.

Mama aliuliza suali moja tu: hiyo plastiki haitaoza jichoni? Daktari akamsimulia habari ya Harold Ridley, daktari wa London, aliyeona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita vilikaa humo bila ya jicho kuvikataa. Mwaka 1949 akatia lenzi ya kwanza ya kutengenezwa. Mama akasema, "Basi kama marubani waliweza."

Upasuaji wenyewe ni mfupi kuliko safari ya kuufuata. Mgonjwa yu macho, halazwi usingizi. Mama alichomwa sindano ya ganzi pembeni ya jicho, na anasema hiyo ndiyo iliyouma, kama siafu, basi. Wengine hutiwa ganzi ya matone tu. Uso hufunikwa kitambaa, jicho moja linabaki wazi, akawa anaona mwangaza na kusikia watu wakizungumza. Daktari hupasua tundu la milimita chache, 6 au 7 kwa njia ya mkono, 2 au 3 kwa njia ya mashine inayovunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti. Huitoa ile yenye ukungu na kuiweka mpya ndani ya kifuko kile kile. Mara nyingi hapashonwi. Nusu saa haikufika, mama akatoka na jicho limefungwa.

Kesho yake bandeji ilifunguliwa. Hapa ndipo kazi ilipoanza, na ni kazi ya nyumba nzima. Matone ni kwa wiki kadhaa, kwa saa zake, na anayetia anawe mikono kwanza. Jicho lisifikichwe, lisiingie maji, na usiku lifunikwe kile kikinga chake. Mama aliondolewa jikoni kwa ajili ya moshi wa kuni, na ndoo ya maji tukamnyang'anya. Kutawadha na kusujudu kulimtia wasiwasi kuliko kisu. Tulimuuliza daktari, kisha sheikh wetu wa mtaani. Akaambiwa jicho asilitie maji, na aswali amekaa kitako mpaka daktari amruhusu. Likizidi kuuma, likazidi wekundu, likatoa usaha, uoni ukashuka tena au zikaonekana cheche za mwanga, msingoje asubuhi wala boti ya kesho. Nendeni hospitali ya karibu saa hiyo hiyo.

Siku ya nne nilimkuta analia. Alikuwa anauona mnazi wa mbali, na makuti yake anayahesabu, lakini Msahafu hausomeki. Akaamini upasuaji umeharibika. Haukuharibika. Lenzi ya kawaida ya kutiwa haikunjuki kama ile ya ujana. Hupangwa ione mbali, na ya karibu hutaka miwani. Hakuna aliyetwambia, na sisi hatukuuliza. Kwa hivyo kabla ya kupimwa, mwambieni daktari mzee wenu anatumia macho kwa kazi gani: anasoma, anashona, anachambua karafuu, au anatazama bahari. Muulizeni pia kama nyuma ya mtoto wa jicho kuna presha ya macho, maana uoni ulioibiwa na hiyo haurudi kwa kubadilisha lenzi.

Jicho likishapona alipimiwa miwani ya kusomea. Msimu uliofuata aliivaa mkekani, akalivuta rundo langu mbele yake, akaanza kuyatoa makonyo niliyoyaacha mimi.