Muulize Nahodha: Taa iliyojiwasha yenyewe

*Shikamoo nahodha. Marehemu babu alikuwa baharia wa jahazi la boriti. Akitusimulia kwamba kusini mwa Unguja, kisiwani Chumbe, kuna mnara ambao taa yake ilijiwasha magharibi na kujizima asubuhi bila mkono wa mtu. Niliposema haya barazani vijana walinicheka, eti babu alitia chumvi. Ni kweli?*
*Mjukuu wa baharia, Langoni, Lamu*

Marahaba mwanangu. Babu yako hakutia chumvi hata punje. Na kwa maneno yake nimejua alikuwa akifika wapi: jahazi litokalo Lamu na kaskazi huingia Unguja kwa upande wa juu, na Chumbe iko chini ya mji. Huifikii taa ile mpaka uupite mji ukishika njia ya Dar es Salaam. Basi boriti zake hazikuwa zikiishia Unguja.

Mnara huo Waingereza waliujenga 1904. Mwanzoni taa ilikuwa na watu wa kuitunza. Nyumba na kimsikiti cha wakati huo bado vipo. Mwaka 1926 ikageuzwa kuwa ya gesi, na hapo ndipo penye kisa chako.

Gesi yenyewe ni asetilini, hiyo hiyo ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Ni kali, ukiishindilia tupu kwenye mtungi hulipuka. Msweden mmoja, Gustaf Dalén, aliitia kwenye mitungi iliyojazwa kitu chenye vitundu vitundu kilicholoweshwa asetoni, ikatulia. Kisha mwaka 1907 akatengeneza kilango cha gesi kinachoendeshwa na jua. Sikiliza vizuri, maana hili ndilo la kuwapelekea wale wa barazani. Ndani ya kioo zimesimama fito nne za chuma. Tatu zimeng'arishwa, zinarudisha mwanga. Ya katikati ni nyeusi, inaumeza. Kukipambazuka, ile nyeusi hupata joto kuliko wenzake, ikarefuka kidogo mno, huwezi kuona kwa jicho, lakini urefu huo unatosha kusukuma kilango na kufunga gesi. Jua likizama inanywea, kilango kinafunguka, na gesi inashika moto kwenye kimoto kidogo kinachokesha humo. Hata mchana, wingu zito likitanda, taa huwaka. Hakuna saa, hakuna mtu.

Dalén mwenyewe alipofuka mwaka 1912, mitungi ya gesi ilipomlipukia kwenye majaribio. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Nduguye ndiye aliyekwenda kumpokelea. Akaendelea kuongoza kampuni yake haoni, mpaka alipokufa 1937.

Ukifika Unguja, panda mashua uende ukauone. Ngazi zimepita 130, kwa hiyo usipande na tumbo la pilau. Nyavu ziache nyumbani: miamba ya Chumbe imehifadhiwa tangu 1994 na uvuvi hauruhusiwi.

*Nahodha, kwa nini taa za bahari zinapepesa? Si ingekuwa bora ziwake moja kwa moja?*
*Msomaji, Shela*

Taa inayowaka tu utaijuaje na karabai ya mvuvi, au na taa ya nyumba ya mtu? Kila mnara hupewa mwendo wake wa kuwaka na kuzima, na mwendo huo umeandikwa kwenye ramani ya bahari. Nahodha anahesabu mdomoni, mkono uko kwenye kana: imewaka, moja, mbili, tatu, imewaka tena. Akishaupata mwendo amejua yuko mbele ya mwamba gani. Mwangaza mkali bila mwendo haumfai kitu.

Kwa taa za gesi kuna faida nyingine. Kijumba kidogo chenye ngozi hujaa gesi kisha huitoa kwa mkupuo, kama mtu anayejaza mashavu na kupuliza, na kila mkupuo ndiyo mweko mmoja. Kwa kuwa giza ni refu kuliko mweko, gesi nyingi inabaki na mitungi inakaa muda mrefu.

Na kwa kuwa umeandika kutoka Shela, niseme langu: wenye majumba ya ufuoni wapunguze zile taa kali zinazotazama baharini. Mtu anayetafuta mlango kati ya Shela na Ras Kitau usiku, macho yanamfa.

*Mjomba anashikilia kuwa nguzo ya Vasco da Gama hapa kwetu ilikuwa mnara wa taa. Tuamulie.*
*Wapwa wawili, Malindi*

Hapana. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, na nguzo hiyo ni alama ya Wareno ya kusema tumefika, na msalaba wake umechongwa kwa jiwe la kutoka Lisbon. Mchana ukiwa baharini inakusaidia kuijua rasi. Usiku tafuteni kitu kingine, na mjomba mwambieni kwa adabu.