Barua kwa mwanangu: kwa nini kakako alikukataa

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Umeuliza kwa nini kakako huzungumza nawe vizuri kwa simu, lakini ulipokuja Lamu kwa Idi akasema umetumwa, na sura ya dadake umevishwa tu. Unadhani anakuchukia. La, mwanangu, ni maradhi.

Kuijua sura ni jambo moja, na moyo kushtuka kwa kuiona ni jingine. Mwaka 1923 daktari wa Ufaransa, Joseph Capgras, pamoja na mwenzake, aliandika habari za mwanamke aliyeamini kuwa watu wake wamebadilishwa, wakawekwa wengine wanaofanana nao. Baadaye watafiti waliwapima wagonjwa wa namna hiyo jasho la ngozi, ambalo huongezeka kidogo mtu amwonapo jamaa yake. Lao halikuongezeka. Basi macho yanaona uso wa dada, mwili umekaa kimya, na akili inatafuta sababu. Sauti hupita njia nyingine: Vilayanur Ramachandran, mtaalamu wa ubongo, alieleza habari za kijana aliyeumia kichwa, akawa anamkana babake wakionana na kumtambua kwa simu.

Nami sijasalimika. Juzi nilipompa uji aliitazama mikono yangu, akaniuliza, "Pete hii ni ya mama. Umeipata wapi?"

Ila linaloniumiza zaidi ni anavyojiona yeye mwenyewe. Wazee wakikohoa barazani, wanapeana ishara. Punda akisimama mlangoni, kasimamishwa. Kwake yeye, mji mzima una shughuli moja tu, nayo ni yeye. Anaogopa, na papo hapo anajiona mtu mkubwa, maana nani huandamwa hivyo kama si mkubwa? Ukimwondolea maadui umemwondolea na ukubwa wake, kwa hiyo hoja hazimfai kitu. Ukibishana naye, anapata hakika kuwa nawe umo. Mimi simbishii, wala siitikii kwamba wewe si dadake. Humwambia, "Naona una hofu, baba. Nipo hapa."

Bibi yako alimletea kombe, yale maji ya aya za Kurani ya kunywa, sikulikataa. Nililokataa ni kumwachisha sindano yake ya kila mwezi, kwani tangu aianze, usiku analala.

Ukija tena usiingie moja kwa moja. Kaa dakani, pale mlangoni, mwite jina, mzungumze kama mnavyozungumza kwa simu, mpaka akukaribishe mwenyewe.

Mamako