Nimekuwa bibi, lakini sisikilizwi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binti yangu amejifungua, mjukuu wangu wa kwanza. Nikitaka kumpa kichanga maji kidogo, mama yake anakataa. Nikimlaza kifudifudi, anamgeuza. Mbona yeye nilimlea hivyo hivyo? Au sina nafasi tena?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana! Kwa hayo mawili binti yako yuko sahihi, mwachie. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila maji, kwani maziwa yenyewe yana maji ya kumtosha hata wakati wa joto. Kumlaza chali nako hupunguza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Ushauri huo ulienea miaka ya 1990.

Nafasi unayo, tena kubwa! Mtoto akishanyonya, mpokee, mweke begani, mpigepige mgongo taratibu mpaka acheue, mama yake ajinyooshe kidogo. Mwimbie ule wimbo uliombembelezea binti yako. Huo hakuna daktari atakayekukataza. Na asubuhi, kabla hujamgusa mtoto, muulize kwanza mzazi usiku wake ulikuwaje. Wageni wengi hukimbilia kitanda cha mtoto wakamsahau yeye.